Nyumba Iliyomshinda Papa Fundi

Papa Fundi hakuwahi kuuliza habari za asubuhi kabla hajauliza habari za maji. Ungemfungulia mlango akiwa na theluji mabegani, watoto wamejifunika mablanketi kwenye sofa, redieta zimekufa ganzi nyumba nzima, na wewe mwenye nyumba umejiandaa kusimulia jinsi ulivyoteseka tangu juzi. Yeye angeinua kidole kimoja.

"Mama, ngoja kwanza. Mayi imeenda wapi?"

Mayi ni maji, na njo ni ndiyo, kwa Kiswahili cha Wakongo wa upande wake. Zaidi ya hapo sitaeleza alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani. Hakupenda kuulizwa, na sisi tulikuwa na baridi ya kutosha bila kuanza kuchimba ukoo wa mtu. Kwa Wakenya alikuwa Papa Fundi, kwa Warundi alikuwa Papa Fundi, na hata mchungaji wetu, akiomba Mungu ambariki, aliomba kwa jina hilohilo na nina hakika mbinguni walimwelewa.

Kwa asiyejua, nyumba za zamani za huku Takoma Park, Marekani, hupashwa joto kwa maji. Boila iko chini, besimenti. Inapasha maji, maji yanapanda kwa mabomba hadi kwenye redieta za chuma za kila chumba, yanatoa joto lake, yanarudi chini kupashwa tena. Ni maji yaleyale, mwaka nenda mwaka rudi. Yakipungua, presha inashuka, na presha ikishuka maji hayana nguvu ya kufika ghorofani, kwa hiyo vyumba vya juu ndivyo vinavyotangulia kupoa. Mtu yeyote anaweza kufungua robine, yaani koki, na kuongeza maji mengine. Ni kazi ya dakika mbili, na Papa Fundi alimdharau mtu wa namna hiyo kuliko alivyomdharau mlevi.

"Mayi haina miguu," alikuwa akisema. "Kama imepunguka, iko na mahali imepita. Unaongeza tu, unaongeza tu, njo unalisha mwizi."

Basi alianza kumsaka mwizi. Alifunga karatasi za tishu kwenye kila kiungo cha bomba, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akangoja tone la kwanza lijichore. Alikuwa na kioo kidogo cha mkononi, cha kike kabisa, chenye maua nyuma, ambacho alikipenyeza nyuma ya mabomba kuona upande usioonekana. Alilipiga tangi jekundu la boila kwa kifundo cha kidole, juu na chini, akiinamisha kichwa kusikiliza. Bomba alilipima joto kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa. Simu yake ilikuwa na tochi na binti yake alishamfundisha kuiwasha, lakini alidai taa ya simu inamfanya mtu atazame haraka haraka.

Hakuharakishwa. Boila ikiwa ya moto haongezi maji baridi hata ungemlilia, maana chuma hupasuka. Aliizima, akangoja ipoe, na kungoja kwake kulikuwa kungoja kweli: saa nzima, wakati mwingine mbili, juu ya ndoo, mikono mapajani. Mama mmoja Mrundi alimtumia chai besimenti na maandazi manne, akakuta sahani tupu na Papa Fundi bado anaitazama boila. Lakini mtu huyohuyo, akishika usukani, alikuwa hatari. Alinipa lifti mara moja tu kutoka kanisani. Nilishuka nikiwa nimemaliza Zaburi zote ninazozijua, na siku nyingine nilipanda basi.

Alikuwa na mikinzano mingine. Aliwatia joto watu wote, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuota moto. Alivaa koti kubwa la kahawia mwaka mzima, kanisani, kazini, hata besimenti baada ya boila kunguruma na jasho kututoka sisi wengine. Alikuwa mpole kwa vyombo na mkali kwa watu. Alizidharau sima zetu, akisema ugali wa Wakenya unaweza kujengea nyumba, kisha akamaliza sahani na kuulizia ya pili.

Nilikutana naye kwenye nyumba ya kutunzia wazee ambako nilikuwa nesi na yeye alikuwa mtu wa kutengeneza kila kilichoharibika. Aliniita Mama Nesi tangu siku ya kwanza, ingawa ningeweza kuwa binti yake. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuzunguka kwenye nyumba zetu.

Jambo alilojivunia kuliko yote lilikuwa hili: hakuondoka bila kukuonyesha tundu. Angekuita besimenti, akushike mkono, akuwekee kidole chako mwenyewe pale palipokuwa na unyevu. "Gusa. Umeona? Fundi asiyekuonyesha tundu, iko anakudanganya." Kisha akabandika kipande cha utepe mweupe ukutani karibu na boila, na kwa kalamu ya risasi akaandika mambo matatu: siku, geji ya presha inasoma ngapi, na maji yalikwenda wapi. Ukienda kwenye besimenti za watu wetu utazikuta tepe hizo hadi leo. *Jumamosi. Kumi na mbili. Kiungo cha redieta ya jikoni. Jumamosi. Kumi na mbili. Tangi limechoka.* Hakuacha mahali pa tatu wazi kwenye nyumba yoyote.

Isipokuwa kwangu.

Nyumba yangu ilimshinda Papa Fundi, na niliwaambia watu hivyo, na leo nalisema hili nikiona aibu.

Mwaka ule nilikuwa nimefiwa na mume wangu. Nyumba tuliyoinunua pamoja ilinibaki mimi, vyumba vitatu juu, ngazi zinazolia, na ukimya ambao sikuujua. Mama yangu akaja kutoka kwetu Molo, Kenya, kukaa nami majira ya baridi. Nilimhitaji kuliko nilivyokiri kwa mtu. Kaka yangu hakutaka aje, maana kifua cha Mama hakikuwa kizuri, na aliniwekea sharti kwa simu.

"Nikisikia Mama analala na koti, Monday namkatia tiketi. Sitaki story."

Mama alikuwa mtu wa mkono mwepesi, hawezi kukaa. Wiki ya kwanza alikaanga vitunguu mpaka king'ora cha moshi kikalia na gari la zimamoto likafika mlangoni, wanaume wanne wenye kofia, na Mama amesimama nao jikoni akiwakaribisha chai. Niliona haya, nikaogopa pia. Nilimwambia kwa sauti ambayo nisingependa mtoto yeyote anitumie: "Mama, nikiwa sipo usiguse jiko. Usiguse kitu chochote cha moto. Umesikia?" Akasema amesikia.

Wakati ule nilikuwa na zamu tatu za usiku kwa wiki. Nikirudi asubuhi, miguu imevimba kama viazi vya kwetu, nilikuta Mama ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, na mbele ya kiti cha pili kuna beseni la maji ya vuguvugu. "Weka miguu." Ndiyo yalikuwa maamkizi. Maji yale yalikuwa na rangi ya kutu kidogo, na harufu kama ya sarafu ya zamani. Nilimuuliza ametia nini.

"Ni dawa. Kunywa chai yako."

Nikadhani ni mizizi ya kwetu iliyovuka forodha ndani ya soksi. Sikuuliza tena. Nilifumba macho, miguu ikalegea, na kwa nusu saa nilikuwa mtoto wa mtu.

Ndipo redieta ya chumba cha Mama ikaanza kupoa. Nilishuka kutazama geji: iliyokuwa kumi na mbili ilikuwa tano. Nikampigia Papa Fundi. Akaja, akauliza swali lake, akazima boila, akangoja, akaongeza maji. Kisha akapanda chumbani kwa Mama kutoa hewa iliyoingia kwenye redieta. Kuna skrubu ndogo pembeni, inafunguliwa kwa kifunguo kidogo cha shaba kama cha saa ya ukutani. Hewa inatoka ikilia kama paka, kisha yanatoka maji ya moto. Mama alisimama karibu akitazama kila kitu. Alipomaliza, Mama akamwomba kifunguo kile, ili redieta ikilia tena aitoe hewa mwenyewe badala ya kumsumbua. Papa Fundi hakuwahi kumkatalia mama wa mtu kitu. Akampa.

Wiki iliyofuata geji ikashuka tena. Na iliyofuata. Karatasi za tishu zilikauka kama zilivyofungwa. Kioo hakikuona kitu. Kila Jumamosi alikuja, na kila Ijumaa chumba cha Mama kilikuwa cha kwanza kupoa. Nilimletea Mama blanketi la tatu. Akipiga simu kaka yangu, nilikimbia kuongea kabla Mama hajapokea.

Nilimwita fundi wa kampuni, kijana mwenye tableti, akakaa dakika kumi na kusema boila imezeeka, ing'olewe. Nilimpa Papa Fundi habari hiyo makusudi, ili imuume.

"Apana," akasema. "Boila iko muzuri. Niache mimi siku ya leo na Maman yako. Wewe lala."

Nilikuwa nimetoka zamu, beseni langu bado halijawekwa. Nililala. Nilipoamka mchana nilimkuta jikoni na Mama, wamenyamaza wote wawili kwa namna ya watu waliokuwa wakiongea. Mama alikuwa ameshika leso.

"Nimeona tundu," akasema Papa Fundi.

"Liko wapi? Nionyeshe."

Akatazama koti lake, akafunga kifungo ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Nimelipata. Sasa kila Jumamosi nitakuja kuangalia. Joto haitapunguka tena, Mama Nesi. Nakuapia."

"Papa, si wewe husema fundi asiyeonyesha tundu anadanganya?"

"Njo nasema vile," akajibu, akachukua ndoo yake akaondoka.

Na kweli joto halikupungua tena. Alikuja kila Jumamosi, theluji ikiwepo isiwepo, akashuka besimenti peke yake, akangoja, akaongeza maji, akaandika. Lakini niliziona tepe zile. Siku ipo, geji ipo, mahali pa tatu peupe. Nikajua basi: hajaona kitu, anaongeza maji tu kama wale aliokuwa akiwadharau, na kiburi kinamzuia kukiri. Nami mdomo wangu haukunyamaza. Nilisimulia kanisani, nikamwiga alivyofunga kifungo, watu wakacheka mpaka wakashika viti. Familia moja ya Oxon Hill iliyokuwa imempangia siku yake ikamtafuta mtu mwingine. Yeye alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na alisikia. Alinisalimia kama kawaida, akauliza Maman amelala vizuri.

Mama alikaa hadi majani yalipochipua. Kaka yangu hakukata tiketi. Nilipona, kama mtu anavyopona kwa kukaliwa karibu. Alipoondoka, presha ya boila ikatulia. Baridi iliyofuata, geji ilisimama kumi na mbili kuanzia Novemba hadi Machi bila kutikisika. Niliona. Nikasema labda hatimaye amelipata hilo tundu lake, na sikumwomba radhi.

Miaka ikapita kama inavyopita. Magoti ya Papa Fundi yakakataa ngazi. Binti yake akamhamishia kwake Bowie, mji wa jirani, kwenye nyumba kubwa yenye gari mbili, na tukawa tunamwona kwenye harusi na matanga tu.

Mwaka huu, mvua za vuli zilipoanza kwetu, Mama alituaga. Nilikwenda Molo kumzika, nikarudi nikiwa mtu wa kutenda mambo kwa sababu yapo. Papa Fundi hakuweza kuja kwenye maombi ya matanga. Alinipigia mara tatu kuomba msamaha kwa hilo, na mara ya tatu akasema, "Mama Nesi, mi siwezi kupanda ngazi zako. Kuja wewe. Niko na kitu ya Maman."

Nilikwenda Jumamosi. Mjukuu wake alinifungulia, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba babu yuko sebuleni. Alikuwa ameketi amevaa koti lake la kahawia karibu na tundu la sakafuni linalotoa hewa ya moto. Alikuwa amekonda, lakini kidole bado kilikuwa kilekile.

"Pole, mama. Pole sana. Keti. Unaona hii nyumba? Moto yake ni ya upepo. Haina mayi hata kidogo. Mutu anakaa siku nzima, hana kitu ya kuuliza."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Molo. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kifunguo kile kidogo cha shaba na kukiweka kiganjani mwangu.

"Alinirudishia siku ya kuondoka. Akasema, usimwambie huyu mutoto mimi nikingali hapa duniani. Sasa hayuko tena. Njo nakwambia."

"Kuniambia nini, Papa?"

"Tundu."

Akanieleza polepole, kama alivyofanya kila kitu isipokuwa kuendesha gari. Siku ile niliyolala, alikuwa amekaa ghorofani badala ya besimenti, na akamwona Mama akiinama kwenye redieta na jagi, akiifungua skrubu kwa kifunguo alichompa yeye mwenyewe, kazi aliyoianza kwa ncha ya kisu hata kabla hajapewa. Mama alikuwa akikinga maji ya moto kila asubuhi ya zamu yangu, jagi moja, na kuyachanganya na ya baridi kwenye beseni. Nilikuwa nimemkataza jiko. Maji ya bomba yalichukua muda mrefu kufika ya moto, yakitanguliza baridi, na Mama, aliyebeba maji kwa mgongo tangu utoto, hakuweza kusimama akiyatazama yakimwagika bure.

"Nikamwambia, Maman, ile mayi njo joto ya chumba yako wewe. Ukiitoa, wewe njo utalala baridi. Akalia. Hakujua. Akaniuliza, sasa miguu ya mutoto wangu? Nikamwambia, tumwambie binti yako, atakuachia jiko. Akakataa. Akasema, amenikataza kama mutoto, na nimekubali kama mutoto. Asijue kama nilikuwa naiba."

"Kwa hiyo ukaja kila Jumamosi."

"Aliitoa, mi nikairudisha, nikazidisha kidogo ifike Jumamosi ingine. Mayi mupya inakula chuma, ni kweli. Lakini ile chuma iko na miaka mingi mbele. Maman hakuwa nayo."

Nilimkumbuka amesimama mlangoni mwa kanisa na mimi namwiga. Nikamwambia nilimkosea, nilimvunjia jina lake na kazi yake mbele za watu, na kwamba sijui nitalirudishaje.

"Watu wa Oxon Hill?" akasema. "Ile fundi yao aliwaachia robine wazi, basement ikajaa mayi. Walinirudia." Akatabasamu kwa kiburi chake chote cha zamani. "Kosa ilikuwa yangu. Mi njo nilimpa kifunguo."

Usiku wa Jumapili nilikuwa na zamu. Nilirudi Jumatatu asubuhi, sikuvua hata koti, nikapanda chumbani kwa Mama na jagi la jikoni. Nikatia kifunguo kwenye skrubu, nikazungusha. Maji yalitoka membamba, ya moto, yana rangi ya kutu. Nikayapeleka kwenye beseni, nikachanganya na ya baridi, nikaketi kwenye kiti changu mbele ya kiti chake, nikaweka miguu. Harufu ya sarafu ya zamani ikapanda. Nililia vizuri, bila haraka, mpaka maji yakapoa.

Kisha nilishuka besimenti. Geji iliyokuwa kumi na mbili sasa ilikuwa chini ya kumi na moja. Niliizima boila, nikageuza ndoo, nikaketi kungoja chuma kipoe. Tepe zake za baridi ile zilikuwa bado ukutani, moja chini ya nyingine, Jumamosi zote kumi na tisa, mahali pa tatu peupe. Kalamu yake ya risasi ilikuwa juu ya bomba alipoiacha.

Nilipomaliza kuongeza maji niliichukua. Nikaanza na utepe wa juu kabisa, nikashuka nazo zote hadi wa mwisho, na kwenye kila mahali peupe nikaandika maji yalikokwenda: *miguuni mwangu*.